Kujifungua na ndugu pembeni: tathmini ya wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya mjini Kigoma

Tathmini hii inahusu wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya cha serikali katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na hasa jambo lililonifanya nikichague kituo hicho: mama anaruhusiwa kuwa na msindikizaji wake pembeni ya kitanda tangu anapopokewa na uchungu hadi mtoto anapowekwa kifuani. Sitakitaja kituo kwa jina kwa sababu ninayo malalamiko, na sipendi yawaangukie wakunga ambao usiku ule walifanya kazi kupita idadi yao. Isitoshe, ninayoyaeleza hapa mama yeyote anaweza kuyaulizia katika kituo chochote kabla hajaamua. Kauli yangu naitanguliza: kwa mama mwenye ujauzito usio na matatizo, ningekichagua tena, na sababu kubwa si majengo wala vifaa, bali ni kwamba hapo hakuna anayeachwa peke yake.

Uzazi wangu wa kwanza ulikuwa katika hospitali ya mkoa mwingine, ambako ndugu walizuiwa mlangoni na mama akaingia peke yake na mfuko wake. Wakunga walikuwa wachache, kila mmoja akiangalia wanawake kadhaa kwa wakati mmoja, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kiu imenizidi au kwamba nimeanza kusikia haja ya kusukuma. Sikutukanwa wala sikupigwa, jambo ambalo wanawake wengine hawawezi kulisema. Nilichokosa ni mtu ambaye usiku ule kazi yake ingekuwa mimi tu. Mama aliye kwenye uchungu akishikwa na hofu, mwili hujikaza na pumzi humpaa, na hofu hiyo haitulizwi na neno “vumilia” linalosemwa na mtu anayepita akiwahi kitanda kingine.

Faida ya msindikizaji haitegemei ushuhuda wangu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017, yaliyojumuisha majaribio 26 kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumsaidia mfululizo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kiasi, na uwezekano wa kuishia kwenye upasuaji au kubaki na kumbukumbu chungu hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Kigoma ilikuwa imekwisha kuanza. Kati ya mwaka 2016 na 2018 mradi wa Thamini Uhai, ambao kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies ulikuwa ukiimarisha huduma za dharura za uzazi mkoani kwetu, ulijaribu utaratibu wa wasindikizaji katika vituo 9 vya umma, na wanawake waliojifungulia huko walieleza kuridhika zaidi na huduma kuliko wale wa vituo ambavyo havikuwa na utaratibu huo. Mkoa wetu umezoeleka kusemwa kwa umbali wake na barabara zake. Katika hili unastahili kusemwa kwa kutangulia.

Upole peke yake, hata hivyo, hauokoi maisha. Damu ikimtoka mama baada ya kujifungua, saa moja au mbili zinaweza kutosha kumpoteza, na hakuna ndugu mwenye upendo wa kuizuia. Ndiyo maana nilipokwenda kliniki nilimuuliza muuguzi msimamizi maswali ambayo naona kila mjamzito anayo haki ya kuyauliza: upasuaji unafanyika hapa, hata usiku? Damu ya kuongezewa ipo, au ndugu ndio watakaotafutwa? Nikihitaji kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, gari litatoka wapi? Alinijibu bila kukereka. Chumba cha upasuaji kipo na kinafanya kazi, damu haipo kila siku kwa kiwango kinachotakiwa, na dharura hupitia mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo huunganisha kituo, gari la wagonjwa na, pale gari lisipokuwepo, madereva wa kijamii waliosajiliwa. Jibu la damu halikunifurahisha, lakini nililithamini kwa sababu lilikuwa la kweli, na lilinifanya mimi na mume wangu tuzungumze mapema ni ndugu gani wangeweza kuitwa kuchangia.

Kwa sababu hiyo hiyo sikipendekezi kituo hiki kwa kila mama. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa, au ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni, aende moja kwa moja hospitali, hata kama huko msindikizaji atabaki nje. Na kwa mama wa vijiji vya mwambao wa ziwa, ambako kufika mjini ni kwa boti hadi Kibirizi na ziwa likichafuka hakuna nahodha atakayeondoka, uamuzi wa mahali pa kujifungulia hauwezi kusubiri uchungu. Aje mjini kwa ndugu wiki kadhaa kabla ya tarehe yake, na kadi ya kliniki mkononi.

Maandalizi ya vitu ni rahisi kuyaeleza: khanga na vitenge vya kutosha, mpira wa kutandika, glovu, pamba, pedi, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni, nguo za mtoto, chupa ya chai. Maandalizi ya mtu ndiyo yenye kazi. Kwetu inachukuliwa kuwa mama mkwe ndiye anayestahili kusimama na mkamwana wake, na mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kujiandaa. Nilimpenda na bado nampenda, lakini mbele yake nisingethubutu kulia, kuvua nguo wala kusema kwamba nimeshindwa. Nilimtaka mama yangu mdogo. Nilimweleza mume wangu kwa upole, naye akazungumza na mama yake, wakakubaliana kwamba mama mkwe angempokea mjukuu nyumbani na kunipikia siku za arobaini, kazi ambayo ni kubwa na ina heshima yake. Nawasihi wajawazito wasiliache suala hili hadi siku ya uchungu. Msindikizaji asichaguliwe kwa cheo chake katika ukoo; achaguliwe kwa kuwa mama anaweza kuwa dhaifu mbele yake.

Kituo chenyewe kinashauri msindikizaji ahudhurie kliniki walau mara moja na mjamzito wake, na hili ni jambo bora sana. Mama mdogo alioneshwa wodi, akaelezwa dalili za hatari ambazo tusingezisubirisha nyumbani (kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza), na akaambiwa wazi kwamba dawa za kienyeji za kuongeza uchungu haziruhusiwi. Onyo hilo si la kumdharau mtu wala mila yake. Dawa ambayo haina kipimo inaweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane mfululizo, mtoto akose hewa, na kwa mama aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la upasuaji, mfuko unaweza hata kupasuka.

Tulipofika usiku wa uchungu, mkunga alitusalimia, akanipa pole, kisha akamgeukia mama mdogo. “Mama, wewe utakaa upande huu. Mpe maji au chai akitaka, mpapase mgongo, mtembeze akiweza. Akisema anasikia haja kubwa, niite mara moja. Usimpe kitu kingine chochote bila kuniuliza.” Mama mdogo akajibu, “Nimekusikia, mwanangu,” na tangu hapo wakafanya kazi kama watu waliofahamiana. Alinisugua kiuno kila uchungu ulipokuja, akahesabu pumzi nami, akanishikilia nilipotembea kati ya kitanda na dirisha. Hakusema maneno mengi. Nilipolia hakuninyamazisha, na nilipomwambia siwezi tena aliniambia kwamba anaona ninaweza, kwa sauti ile ile anayoitumia nyumbani anapozungumza mambo ya kawaida, nami nikamwamini.

Usiku huo wodi ilijaa, na hapo ndipo kasoro kubwa ilipojitokeza. Katika uchungu uliokwisha kukolea, mapigo ya moyo ya mtoto yanapaswa kusikilizwa kila nusu saa au chini ya hapo na kuandikwa kwenye patografu, yaani karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu. Mwanzoni ilifanyika hivyo. Baadaye, walipopokewa akina mama wengine, vipindi vikawa virefu mno. Mama mdogo ndiye aliyesimama, akamwendea mkunga kwa adabu na kumkumbusha, naye akaja, akasikiliza, akatuambia mtoto yuko salama. Nashukuru kwamba nilikuwa na mtu wa kukumbusha, lakini uhai wa mtoto haupaswi kutegemea ujasiri wa shangazi au mama mdogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma za afya, kutoka asilimia 63 ya utafiti wa 2015/16. Tumeitika wito wa kwenda vituoni. Idadi ya wakunga wa zamu ya usiku lazima iongezeke kadiri tunavyoongezeka sisi.

Malalamiko yangu mengine ni haya. Nilipofika hatua ya kusukuma nilitaka kupiga magoti, nikaelekezwa kulala chali, ingawa miongozo ya sasa ya Shirika la Afya Duniani inamruhusu mama achague mkao unaomfaa. Nilieleza baadaye, nikajibiwa kwamba wengi wao walifundishwa kuzalisha hivyo tu. Mapazia kati ya vitanda ni mafupi. Choo kiko nje, na maji yalikatika kabla ya mapambazuko. Kujifungua kwenyewe sikulipia, lakini vifaa vingi vilitoka kwenye mfuko wangu, na mama asiye na uwezo wa kuvinunua huingia wodini na aibu ambayo hakustahili. Zaidi ya yote, niliruhusiwa kuondoka kabla ya saa 24 kutimia kwa sababu kitanda kilihitajika, wakati hizo ndizo saa ambazo kutokwa damu na matatizo mengi ya mama na mtoto hutokea.

Kuhusu wanaume, nina maoni yanayovutana. Mume wangu alikaa nje kwenye benchi usiku kucha, kwa kuwa wodi ni ya wazi na mwanamume kuingia ni kumvunjia staha mwanamke wa kitanda cha pili. Naikubali sababu hiyo. Lakini Kigoma ni mji wa wahamiaji pia, wake wa watumishi na wafanyabiashara waliotoka mbali, na wapo ambao hapa hawana mama, dada wala shangazi, wana mume tu. Kwa mwanamke wa namna hiyo utaratibu huu mzuri haupo kabisa. Mbao za kutenganisha vitanda zingetosha kuanza kulibadilisha hilo, na gharama yake haiwezi kuwa kubwa kuliko ya vitu vingi ambavyo vituo hununuliwa.

Uzazi wenyewe ulisimamiwa vizuri. Mtoto alikaushwa na kuwekwa kifuani kwangu papo hapo, kitovu kikaachwa kwa muda kabla ya kukatwa ili damu ya kondo imfikie, nami nikachomwa sindano ya oksitosini pajani ya kuzuia kutokwa damu. Alinyonya ndani ya saa ya kwanza. Mkunga alimwonesha mama mdogo jinsi ya kukagua pedi na jinsi mfuko wa uzazi unavyopaswa kuwa mgumu chini ya kitovu, akamwambia ukilegea au pedi ikilowa upesi asisubiri. Kwa kuwa wakunga walikuwa tayari kwenye kitanda kingine, jicho lake ndilo lililokuwa juu yangu saa zote zilizofuata.

Malalamiko ya mapigo ya moyo na ya kuondoka mapema niliyaandika na kumpelekea muuguzi msimamizi mwenyewe badala ya kuyatia kwenye sanduku la maoni. Aliyasoma mbele yangu, akaniambia zamu ya usiku imeombewa mkunga wa ziada, na kwamba mama anaweza kukataa kuondoka kabla ya saa 24 ikiwa hajisikii sawa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa kitandani. Mdogo wangu anatarajia kujifungulia hapo hapo kabla ya masika, na amenichagua mimi nimsindikize. Tutakwenda kliniki pamoja mwezi ujao, nami nitauliza tena habari ya damu na habari ya mkunga wa usiku. Tukiona majibu hayaridhishi, tutakwenda Maweni.