Ziwa Kenyatta, Mpeketoni: nilivyopaona

Nyumbani walinicheka. Mtu wa Amu, yaani Lamu, bahari iko mlangoni, aende Mpeketoni kuvua? Nikaenda, na nikipata nafasi nitarudi, ila si kwa ajili ya samaki.

Njia haina shida: boti hadi Mokowe, gati ya bara, kisha matatu. Muhimu ni kuwahi. Ukifika saa nne jua limeshakuwa kali, na uzuri wenyewe umeshapita.

Mtumbwi wetu haukuwa na mashine. Kijana mwenye mtumbwi alikuwa akisukuma kwa pondo, ule mti mrefu, taratibu, tukipasua mayungiyungi. Mara akaliinua pondo likabaki linachuruza maji. "Tulia hapo hapo, mzee wangu." Mbele yetu yakatokea masikio mawili, yakatikisika, kisha pua ikapiga mpumuo mzito. Kiboko. Kijana akazunguka upande wa ufukoni kumwachia kilindi, maana akiona umemzibia njia ya kwenye maji mengi, atakuja juu yako. Kwa ujuzi ule tu, pesa yangu ilikwenda kwa haki.

Uvuvi ni wa mshipi na ndoana, chambo ni nyungunyungu. Tilapia tuliowapata ni wadogo, wa kuenea kwenye sahani. Kambare ndiye kazi: anateleza, ana sharubu, na tulipofika ufukoni bado alikuwa akijipindapinda kwenye maji machache ya chini ya mtumbwi. Kwa aliyezoea samaki wa bahari kama changu na tewa, atanuka tope kidogo. Mkamulie ndimu ya kutosha, mtie kwenye tui zito, mtaelewana.

Ninayolalamikia ni mawili. Jaketi za kuokolea hazikuwepo, nami sioni kisingizio, ziwa lenye viboko si mahali pa kubahatisha. La pili ni madalali wa mjini. Aliyenifuata mimi alitaka bei ambayo ningekodi jahazi hadi kisiwa cha Kiwayu! Nenda mwenyewe, patana na mwenye mtumbwi kabla hujakanyaga ndani.

Tena uliza kwanza hali ya maji. Ziwa hili linategemea mvua, na katika ukame wa mwaka 2017 lilikauka hadi viboko wakafa. Kiangazi kikiwa kirefu, ahirisha. Na chupa zako rudi nazo, wenyeji wanategemea maji ya hapo.

Safari hii naipa nyota nne, kwa sababu ya yule kijana.