Pampu ya kupimia presha ya rejeta: ina faida gani kwa Noah ya zamani inayochemsha?

Seti hizi zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi na mitandaoni kwa majina kibao, lakini ukifungua boksi vitu ni vilevile: pampu ya mkono yenye geji inayosoma hadi psi 35 (psi ni kipimo cha presha), mpira wa kuunganishia, na adapta kumi na kitu za rangi tofauti. Nyingi ya adapta hizo ni za magari ya Ulaya. Kwa Toyota ya familia utatumia mbili, pengine tatu, zilizobaki zitalala boksini. Pima shingo ya rejeta yako kabla ya kulipa, maana kuna seti zisizo na adapta ya shingo ndogo ya Kijapani, na hiyo ndiyo unayoitaka.

Kazi yake ni kuupa mfumo wa maji presha ileile ya injini iliyopata moto, lakini injini ikiwa imezimwa na imepoa, ili kinachovuja kivuje mbele ya macho yako. Hapa tunaiangalia kwa gari linaloonekana sana barabarani: Noah SR40 yenye injini ya petroli ya 3S-FE, ile iliyokaa chini ya viti vya mbele.

Anza na kifuniko cha rejeta. Wengi wanakiona ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya maji pale Ujiji, Kigoma, inachemka kwenye nyuzi 97 hivi, haifiki 100. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, yaani takriban psi 13, kinasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 117. Sasa Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinawasha feni kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko kikichoka, kati ya feni kuanza na maji kuchemka zinabaki nyuzi nne tu, na kadiri unavyopanda kuelekea Kasulu zinazidi kupungua. Ndiyo maana gari linazunguka mitaa ya Mwanga na Gungu mjini Kigoma wiki nzima halina neno, siku likipakia watu saba na mizigo linamwaga maji mlimani. Fundi anaanza kuzungumzia gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini), kumbe mbovu ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huo.

Pampu inamaliza ubishi huu kwa dakika moja. Lowanisha raba ya kifuniko, kifunge kwenye adapta yake, piga pampu taratibu huku ukitazama mshale. Kwa vifuniko vya 0.9, Toyota inataka kifunguke kati ya psi 10.7 na 14.9, kikifunguka chini ya 8.5, tupa. Na pampu yenyewe ibebe hadi dukani. Vifuniko vipya visivyoshika presha vipo vingi, na muuzaji mkweli hatakukatalia kupima kabla ya kulipa. Usikubali kupewa cha 1.1 kwa maneno kwamba “kina nguvu zaidi”; rejeta yenye matangi ya plastiki ya miaka 25 haihitaji nguvu hiyo.

Kitu kimoja ambacho pampu haikipimi ni vali ndogo ya katikati ya kifuniko, inayorudisha maji kutoka tanki la akiba injini inapopoa. Hiyo itazame asubuhi: mpira wa juu wa rejeta ukiukuta umebonyea kama umenyonywa, na tanki la akiba limejaa wakati rejeta imepungua, vali imeganda.

Kipimo cha pili ni cha uvujaji. Injini iwe baridi kabisa. Jaza rejeta hadi shingoni, funga adapta, pandisha hadi psi 13 na usipite 15. Subiri dakika kumi. Mshale ukitulia, mfumo hauvuji ukiwa baridi. Rudia injini ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka chuma kikitanuka. Mshale ukishuka, shika tochi.

Kwenye Noah, tochi ina safari ndefu. Rejeta iko mbele, injini iko katikati, na mabomba ya maji yanapita chini ya sakafu. Yako pia yale ya hita ya nyuma, ambayo hakuna anayeikumbuka kwa sababu huku hakuna anayeiwasha. Kagua kila maungio yenye klempu, hasa palipoota ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini). Kapeti ikilowa, angalia hita. Maji yakichuruzika chini ya kava la mkanda wa taiming, pampu ya maji imekufa sili: kwenye 3S-FE inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo huioni mpaka kava litoke. Anayebadili mkanda kwenye kilomita 100,000 na kuacha pampu ya zamani amejipangia kufungua mara ya pili.

Mshale unashuka na hakuna tone nje? Toa plagi zote nne ukiwa umeacha presha ndani, kisha zungusha injini kwa stata, watu wakae mbali na matundu. Silinda inayorusha mvuke wa maji ndiyo inayoyameza. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha maji yanaingia kwenye oili.

Kuna kipimo cha tatu ambacho karatasi ya maelekezo haikielezi vizuri. Toa presha yote, washa injini ikiwa bado baridi, pampu ikiwa imefungwa shingoni. Maji yanayopata moto hupandisha mshale polepole. Ukiruka ndani ya dakika ya kwanza, au ukicheza kila ukikanyaga mafuta, gesi ya mwako inaingia kwenye maji: gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Zima kabla haujafika 15. Kwa uhakika zaidi tumia kipimo cha maji ya buluu yanayogeuka njano yakikutana na gesi hiyo; punguza maji ya rejeta kidogo kwanza, maana kulanti ikifyonzwa ndani ya kichupa inaharibu dawa na jibu.

Kasoro za seti zipo. Kiungio cha kuchomeka haraka chenyewe huvuja, na ukiamini mshale bila kukipima utashuka chini ya gari kutafuta tundu lisilokuwepo. Funga kwanza kifuniko kizima kwenye adapta, pandisha hadi psi 10, acha dakika tano. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Raba za adapta ni laini na hukatika zikifungwa kavu.

Pampu pia haisemi chochote kuhusu feni, themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta) wala rejeta iliyoziba. Kwa hayo, kipimajoto cha kuelekeza kama bastola kinasaidia, ila kielekeze kwenye mpira au utepe mweusi, kwani chuma kinachong’aa kinakidanganya kisome chini. Mpira wa juu ukiwa na nyuzi 95 na wa chini bado baridi, themostati haijafunguka. Ichemshe kwenye sufuria: ya nyuzi 82 inatakiwa ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ifike milimita 8 kwenye 95. Lakini usiitoe na kuacha wazi, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi. Katika Toyota hizi themostati pia huziba njia ya mkato. Bila hiyo, sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari litachemsha vilevile.

Kwa mwenye gari moja asiyependa kuchafua mikono, kuazima kwa fundi kunatosha. Wenye Noah za abiria na gereji za mtaani wanunue. Fungua boksi palepale kaunta, piga pampu huku kidole kimeziba mpira, uone mshale unapanda na kutulia. Kisha achia vali uone unarudi sifuri. Usiporudi sifuri, omba nyingine.