Vishikio vitatu vilipotea, wakanitobolea droo zote

Kishikio kikipotea kwenye droo ya zamani, unatafuta kishikio kinachoendana na matundu yaliyopo. Hutoboi matundu mapya ili yaendane na kishikio ulichokikuta dukani. Sikutegemea kama ingenibidi kumweleza hivyo mtu yeyote hapa Uingereza, sembuse karakana iliyoandika mlangoni kwamba kazi yake ni samani za kale.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu kuna kazi moja waliifanya vizuri na nitaisema. Lakini acheni kwanza niseme la matundu.

Kabati langu ni la mwaloni, lina droo nne, kazi ya shambani. Wakati watu wa mijini walishahamia kwenye mahogani, mafundi wa Wales na kaskazini mwa Uingereza waliendelea na mwaloni wao, na mali zao ndizo hizi: nzito, hazina madoido, na mbele ya droo unaona ile michirizi ya kung'aa inayotokea gogo la mwaloni likipasuliwa kuelekea kwenye kiini. Vishikio vyake ni vya mtindo ulioenea kuanzia katikati ya karne ya 18. Ni kitanzi cha shaba kilichopinda kama shingo ya bata maji, kimening'inia kwenye vinguzo viwili. Kila kinguzo kina kisahani chake cha duara kwa mbele na nati yake kwa ndani ya droo. Vinatakiwa vinane. Vitano vilikuwepo na vitatu havikuwepo. Kazi niliyowapa ilikuwa hiyo, pamoja na reli za droo ya chini zilizolika hadi droo ikawa inakwama.

Kipimo niliwapa. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la pili ni milimita 76, yaani inchi tatu. Nilikiandika kwenye karatasi na mwenye karakana akaibandika juu ya kabati mbele ya macho yangu. Nikamwachia na kile kishikio kizima kuliko vyote, akitumie kama sampuli.

Kabati limerudi na vishikio vinane vipya. Si vitatu, vinane! Vyote vinameremeta kama vimetoka kwenye boksi sasa hivi, na nafasi ya miguu yake ni milimita 64. Sasa kishikio cha 64 hakiingii kwenye matundu ya 76. Mguu mmoja utaingia, wa pili utagonga mbao. Fundi mwenye haya angesimama hapo, apige simu. Huyu alichukua keekee. Ametumia tundu la kushoto kila mahali, akatoboa jipya upande wa kulia, na lile la zamani lililobaki wazi akalijaza puti. Nane mapya, nane yaliyozibwa. Na kwa kuwa kila kishikio sasa kimesogea kushoto milimita 6, matundu ya funguo, ambayo yule fundi wa kwanza aliyaweka katikati sawasawa, yanaonekana yamekwenda kombo. Mgeni hatajua ni nini, ila ataona kuna kitu hakijakaa.

Inama uangalie droo ya pili, upande wa kulia. Michirizi ya mwaloni inakuja kwa mshazari, inapita chini ya vanishi, halafu inakatika kwenye doa la rangi ya chai ya maziwa, haina nyuzi, haina mng'ao, imebonyea kidogo katikati kwa sababu puti ilipokauka ilinywea. Pembeni yake bado unaona kivuli cha kisahani cha zamani, duara la mbao yenye rangi tofauti kwa sababu mwanga na nta havikuifikia muda wote huo. Kivuli kile kilikuwa kinamwonyesha mtu kila kitu. Kilimwambia kishikio kilikaa wapi na upana wake ulikuwa kiasi gani. Ametoboa milimita chache tu kutoka pale.

Nilichukua sumaku ya friji nikaisogeza kwenye kishikio kimojawapo. Ikanasa. Kwa hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na bolti zake ni za chuma pia. Kila anayefanya kazi na mwaloni anajua mbao hii ina tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu inatoa weusi kama wino. Ndiyo maana mwaloni hufungwa kwa shaba. Kipupwe cha huku kina unyevu wa kutosha, na ndani ya droo ya juu tayari naona weusi umeanza kuzunguka bolti mbili.

Nikaenda karakanani. Nilikuwa nimejizuia njia nzima. Nikamwonyesha mwenye karakana picha, nikamwuliza kwa upole kabisa kwa nini hakunipigia. Hakuzitazama picha, alimtazama mume wangu, akaanza kumweleza yeye. Mume wangu akamwambia kabati ni la mke wangu, zungumza naye. Ndipo akanigeukia: "Mpenzi, droo si zinafunguka? Ni vishikio tu." Huku wanaume wa makamo humwita hivyo mwanamke yeyote, nimeshazoea, lakini siku ile neno lilinichoma. Mimi nimekulia Mombasa, kwetu kulikuwa na sanduku la njumu, na msumari mmoja wa shaba ukichomoka bibi alikuwa hatulii mpaka umepatikana unaofanana nao. Halafu nije kuambiwa ni vishikio tu.

Akanirudishia vile vitano vya asili kwenye mfuko wa plastiki, nati zote zimechanganywa. Nati za zama zile zilikatwa hesi kwa mkono, na ya kinguzo hiki mara nyingi haikai kwenye kinguzo kile. Jioni nzima niliketi mezani kuzijaribu moja moja, na mbili bado hazijapata mwenzake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia ya sawa ilikuwepo, na wala si ya siri. Kuna wauzaji wa vishikio vya zamani vilivyotolewa kwenye samani zilizovunjika, unawapa kipimo cha katikati hadi katikati wanakutafutia. Birmingham ilikuwa kitovu cha kazi za shaba tangu karne ya 18, vishikio vilimiminwa kwa wingi, kwa hiyo vinavyofanana bado vipo. Na kama havipatikani, kuna wanaomimina. Baada ya mkasa huu nimempata mama mmoja mwenye kitanuru kidogo. Alikishika kishikio changu, akakigeuza, na kabla sijauliza akanieleza kwamba anakikandamiza kwenye mchanga apate umbo, na kwamba shaba ikipoa hunywea kama asilimia 1.5, kwa hiyo nakala itapungua milimita moja na kidogo. Kitanzi atakipanua taratibu mpaka kiingie kwenye 76. Akaniambia nisivisugue vile vya zamani, vipya ndivyo atavififisha vilingane navyo. Vitatu vimekuja. Nikiviweka pamoja na vitano vyangu, inabidi nivigeuze nyuma ndipo nivitambue. Huyo nampa nyota zote tano bila kufikiri.

Sasa hukumu. Reli za droo ya chini zilitengenezwa na kijana wao mmoja, na kazi ile ni ya kiungwana. Amekata sehemu iliyolika tu, ameunga mwaloni mkavu, nyuzi zinakwenda upande uleule, na droo inateleza kwa kidole kimoja. Kwa hilo peke yake nilisema nyota tatu. Nilipofika kwenye sumaku zikawa mbili. Na jana wamenijibu barua pepe yangu: hawarudishi hata senti, ila watanipa punguzo kwenye kazi ijayo. Kazi ijayo! Wamelipua kazi, wameniharibia mali, halafu wanasubiri niwapelekee nyingine. Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana. Kama shida yako ni reli, mtafute yeye. Kama ni kitu chochote kinachoonekana kwa mbele, usiwaachie.

Vishikio vyangu vinane sasa viko kwenye kisanduku, haviwezi kurudi mpaka puti itolewe. Natafuta fundi atakayeziba yale matundu mapya kwa vipande vya mwaloni vilivyokatwa ubavuni, nyuzi ziende na mbao, si kijiti cha duara kinachoonyesha kichwa cha nyuzi, maana hicho hunywa rangi na kubaki doa jeusi. Aliye Uingereza na anamjua mtu wa namna hiyo, tafadhali aniandikie.