Chipotle na Qdoba: Denver ilizaa zote mbili, moja ikatangulia

Chipotle na Qdoba, kampuni za migahawa zilizoanzia Denver, Marekani, zimepishana miaka miwili tu, na zote huuza burito, chapati ya Kimeksiko yenye vijazo ndani, inayofungwa mbele ya macho ya mteja. Historia zao, hata hivyo, hazifanani.

Chipotle ilianza 1993. Steve Ells, mpishi aliyeisomea kazi hiyo, alikopa dola 85,000 kwa baba yake akafungua mgahawa karibu na Chuo Kikuu cha Denver, palipokuwa duka la aiskrimu. Lengo lake lilikuwa kupata fedha za kuanzisha mgahawa wa hadhi ya juu, lakini foleni za burito zilimbadilisha nia. McDonald's iliwekeza 1998, matawi yakiwa hayajafika 20. Ilipojitoa 2006, mwaka ambao hisa za Chipotle ziliingia sokoni, yalikuwa zaidi ya 500.

Qdoba, ya Anthony Miller na Robert Hauser, ilianza 1995 kwa jina la Zuma, kisha ikawa Z-Teca. Jack in the Box, kampuni nyingine ya migahawa ya Marekani, iliinunua 2003, ikaiuza 2018.

Kwangu, tofauti kubwa ni umiliki. Qdoba huwaruhusu wafanyabiashara wengine kuendesha matawi kwa jina lake. Chipotle nchini Marekani huyamiliki yenyewe. Hilo halikuikinga na mlipuko wa bakteria wa E. koli wa 2015, ulioyagusa majimbo kadhaa. Hata hivyo naipa Chipotle nafasi ya kwanza kihistoria, kwani ndiyo iliyofungua njia. Kwa mlaji, Qdoba ilifanya jambo jema 2014: iliacha kutoza nyongeza kwa parachichi la kuponda.