Vumbi la Julai, joto la Januari: vifaa vya kununua kwa kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe

Hali ya hewa ya Arusha huwahadaa wenye kompyuta za mezani. Mwezi Julai, watu wa Sakina na Kijenge wanapotoka asubuhi wakiwa wamevaa masweta, feni za kompyuta huzunguka polepole bila kelele, na mwenye mashine huamini kwamba haihitaji chochote. Lakini huo ndio msimu ambao masika yamekwisha, barabara za mitaani zimekauka, na kila bodaboda inayopita huinua unga mwembamba wa udongo wa volkano unaoingia hadi kabatini. Vumbi hilo hujikusanya kimyakimya, na joto la Januari na Februari linaporudi huikuta mashine imeziba. Katika mji wa Moshi, ulio chini zaidi na wenye joto kali zaidi, mwenye mashine iliyoziba hupata adhabu kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo nimepanga manunuzi yafuatayo kwa kuanza na vumbi, kisha joto, na kelele nimeiweka nyuma, kwa kuwa mara nyingi kelele ni sauti ya feni zinazohangaika kupitisha hewa mahali palipozibwa.

Mpangilio huu nimeupata kwa kukosea. Kompyuta yangu, iliyokuwa chumba cha chini kando ya barabara isiyo na lami, ilianza kunguruma na prosesa, ubongo wa mashine, kuvuka nyuzi 90 za Selsiasi kila nilipohariri video. Nilinunua feni mbili mpya za kasha, yaani sanduku la kompyuta, nikazifunga, na hali ikabaki ilivyokuwa. Baadaye nilifungua feni ya hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa), ambayo kwa nje ilionekana safi kabisa, nikakuta kati yake na mapezi ya alumini kuna tabaka la vumbi na manyoya ya paka lililoshikana kama kipande cha blanketi la kijivu. Nililibandua kwa vidole likatoka zima. Siku hiyohiyo, kwa kazi ileile, joto lilishuka hadi nyuzi sabini na kitu, na gharama yake ilikuwa bisibisi niliyokuwa nayo tayari.

Nafasi ya kwanza naipa stuli. Sakafu ya saruji inayofagiliwa kila asubuhi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kompyuta, kwa kuwa feni za mbele hunyonya kile ambacho fagio limekiinua. Seremala yeyote wa mtaani atakutengenezea stuli fupi ya kuinua kasha sentimita arobaini hivi, na unaweza kubandika vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya miguu ya kasha ili mtikisiko usipite kwenye mbao. Hapa niseme pia juu ya vile vitambaa vya kudarizi tunavyofunikia kila kitu sebuleni: kufunika kompyuta iliyozimwa ni jambo jema, lakini kitambaa kikisahaulika juu ya kasha wakati mashine inafanya kazi, kitaziba matundu ambayo hewa ya moto ilikusudiwa kutokea.

Nafasi ya pili ni bloa ya umeme, ile wanayotumia mafundi wa kompyuta, yenye kitufe cha kurekebisha kasi. Kati ya njia zote za kuondoa vumbi hii ndiyo inayorudisha fedha yake haraka, kwa kuwa utaitumia miaka mingi. Hewa ya makopo hufanya kazi nzuri, lakini kopo huisha kabla kazi haijaisha, na ukiliinamisha hutoa kimiminika baridi sana ambacho hakitakiwi kugusa madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Zile bloa ndogo za kuchaji zinafaa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ila chagua yenye nguvu ya kutosha, kwa maana nyingi hupiga hewa kama mtu anayepoza chai. Kompresa ya fundi wa matairi naiweka mwisho kabisa ingawa nimewaona watu wakiitumia: tangi lake hukusanya maji na mafuta, na shinikizo lake linaweza kung'oa vitu vidogo. Kivuta vumbi cha nyumbani nacho sikishauri ndani ya kasha, kwa sababu bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli.

Namna ya kuitumia bloa ina uzito sawa na kuinunua. Chomoa waya wa umeme, toa mashine uani, simama upepo ukitokea mgongoni, na ushikilie kila feni kwa kijiti cha mshikaki kabla ya kupuliza, kwa sababu feni inayozungushwa na bloa hupita kasi iliyoundiwa, ikaharibu beringi zake na kuzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye madabodi. Pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, ipulizwe kupitia matundu yake tu na isifunguliwe kamwe, kwa maana kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Katika kiangazi nafanya kazi hii kila baada ya wiki sita. Wakati wa masika inaweza kusubiri.

Vichujio vinashika nafasi ya tatu, na hapa uteuzi wake unahitaji uangalifu. Bora ni vile vya wavu mwembamba vyenye ukingo wa sumaku, ambavyo hubanduliwa kwa mkono mmoja, huoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini. Pima feni yako kwanza, kwani vya milimita 120 na vya 140 havibadilishani. Vya sponji huzuia vumbi vizuri zaidi lakini huzuia na hewa, na baada ya muda sponji hubomoka na kuwa uchafu wenyewe. Asiye na fedha akate stokingi nyepesi ya kike na kuitandaza mbele ya feni kwa gundi ya karatasi: nimeitumia kwa miezi kadhaa na sina malalamiko, ila haisamehei mtu anayesahau kuisafisha. Kichujio hakina maana ikiwa hewa inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia, kwa sababu kasha litanyonya vumbi kupitia kila ufa usio na kichujio. Weka feni mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma, halafu washa kijiti cha udi na ukipitishe kwenye nyufa: moshi ukisukumwa nje, mpangilio ni sahihi, ukivutwa ndani, punguza kasi ya feni ya nyuma.

Ndipo tunafika kwenye feni zenyewe, mahali ambapo wengi wetu huanzia. Arusha iko mita takriban 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Moshi tofauti ni karibu asilimia 8. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa lakini yenye uzito mdogo, kwa hiyo Arusha inabeba joto pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ikipimwa Dar es Salaam. Athari yake ni nyuzi chache tu, lakini inatosha kumfanya mtu aliyenunua kwa kubana sana ajute.

Kwa kelele, kanuni ni kununua feni kubwa na kuizungusha polepole. Ya milimita 140 ikizunguka taratibu hupitisha hewa sawa na ya 120 inayokimbia, na kuongeza feni ya pili inayolingana na ya kwanza huongeza desibeli 3 tu. Chaguo langu la kwanza kwa thamani ni Arctic P12 yenye plagi ya pini nne, ambayo huuzwa pia katika pakiti ya tano. Kwa bei ya kawaida nje ya nchi, pakiti hiyo hukaribiana na feni moja ya Noctua NF-A12x25. Ile ya Noctua ni bora, tena ina dhamana ya miaka sita, lakini dhamana ya Ulaya ni ngumu kuidai ukiwa Ngarenaro. Watumiaji wengi wa P12 wamelalamikia mvumo kwenye kasi ya kati, kwa hiyo ingia kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka) na uchague kasi isiyofika hapo wakati wa kazi nyepesi. Feni za mataa ya rangi zinazochomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai ziache dukani: huzunguka kwa kasi moja siku zote, na nyingi hutumia bushi badala ya beringi, hivyo huanza kukwaruza mapema, hasa zikifungwa zikilala. Feni zilizotolewa kwenye kompyuta za mitumba za ofisini huwa imara, lakini angalia plagi kwanza, kwani Dell ametumia yenye pini tano isiyoingia kwenye madabodi ya kawaida.

Pesti ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ni ya bei ndogo na inafaa kubadilishwa kila unapong'oa hitisinki. Kiasi cha punje moja ya dengu kinatosha. Hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba, kama Thermalright Peerless Assassin 120 SE yenye kimo cha milimita 155, inafaa kununuliwa ikiwa bado unatumia ile ndogo iliyokuja na prosesa, mradi umepima nafasi ya kasha lako kwa rula. Na kama kelele inayokukera ni ya kukwaruza na kubofyabofya, basi haitoki kwenye feni bali kwenye hadi diski, na dawa yake ni SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka.

Mfumo wa kupoza kwa maji nimeuweka mwisho, na si kwa sababu haupozi. Rejeta yake huziba vumbi kama hitisinki yoyote, na pampu yake hufanya kazi saa zote ambazo mashine imewaka. Pampu hiyo ikifa Ijumaa jioni, utasubiri mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam, na kwa muda wote huo kompyuta haiwezi kufanya kazi yoyote ya maana. Feni ya hitisinki ya mnara ikifa, unachukua yoyote ya milimita 120, hata ile ya zamani iliyolala kwenye droo, unaifunga kwa vibanio vilevile, na unaendelea na kazi usiku huohuo.