Baiskeli ya kununua Dar: ninavyozipanga mimi

Kabla hujatoa hela, nenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kwako ukiwa mikono mitupu. Mkute chini ya mwarobaini wake, na beseni la maji ya kutafutia pancha, umuulize: baiskeli gani zinakuja kwako sana, na tairi za saizi gani unazo hapo kibandani? Jibu lake ni nusu ya mwongozo huu. Dar ina baiskeli za kila aina, kuanzia zinazobeba madafu hadi zile nyembamba za mbio, lakini fundi wa mtaa huwa na vipuri vya aina mbili tatu basi. Baiskeli ambayo fundi haijui itakaa ukumbini ikianikiwa taulo.

Mimi nilijifunza hili kwa miguu. Tairi langu la nyuma lilipasuka karibu na Magomeni Mapipa, nikaingia duka la jirani, nikachukua tairi lililoandikwa 26 kwa kuwa langu nalo liliandikwa 26. Fundi akalijaribu, akavuta, akamwita mwenzake wakavuta wawili, halafu akanirudishia huku anacheka. Langu lilikuwa 26 x 1 3/8, nililonunua ni 26 x 1.95. Namba ya mbele ni moja ila ringi ni mbili tofauti: la kwanza linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 590, la pili 559. Milimita 31 hazivutiki hata mkiwa watu wanne. Nikasukuma baiskeli mpaka Mabibo. Tangu siku hiyo nasoma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya mfano wa 37-590, kabla sijaangalia hata rangi.

Sasa orodha yangu. Ni ya mtu anayeendesha kwenda kazini, sokoni na kutembea, hapa hapa Dar, kwenye lami, mchanga na madimbwi.

1. Mtumba wa Japani

Unaijua: usukani uliopinda kuja tumboni, kikapu mbele, keria nyuma, madigadi mbili, kava la cheni, taa ya dainamo, na stendi ya miguu miwili inayoisimamisha wima kama meza. Wajapani wenyewe wanaiita mamachari, baiskeli ya mama, ya kwendea sokoni na kumpeleka mtoto shule. Vijana wengi hapa wanaikwepa wakisema ni ya kike. Waache waikwepe, bei itabaki nzuri. Unaipanda na kanzu, na sketi, na suruali ya ofisini, bila kurusha mguu juu. Cheni haili pindo la nguo, na masika yakianza huingii kazini na mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni.

Tafuta stika ndogo ya namba kwenye fremu. Japani baiskeli huandikishwa kwa sheria ili zikiibwa zijulikane ni za nani, ndiyo maana nyingi zinafika na stika hiyo. Hapa haina kazi yoyote, lakini angalau inakuonyesha kwamba kweli ilitoka huko. "Japani" ya mdomoni, bila stika, utaisikia kwenye kila baiskeli ya Kariakoo. Ukikuta Bridgestone, Miyata, Maruishi au Panasonic, umeanza vizuri.

Ukipata yenye giya tatu zilizo ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, usiiache kirahisi. Mchanga wa Mbagala au Kigamboni hauzifikii giya hizo, na unabadilisha hata ukiwa umesimama kwenye taa. Ubaya wake ni kwamba mafundi wengi hawapendi kuifungua ile habu, kwa hiyo ijaribu yote: isimamishe kwenye stendi, zungusha pedali kwa mkono, badilisha moja, mbili, tatu. Ikiteleza kwenye mojawapo, huenda ni waya tu umelegea, au habu imekwisha, na wewe hutajua ni kipi. Shusha bei au ondoka. Isiyo na giya kabisa inatosha kama maisha yako ni Ilala, Kariakoo, Posta na Kinondoni. Wa Kimara, Goba na Mbezi, kwenye vilima, mnahitaji giya, msijidanganye.

Breki ya nyuma mara nyingi ni ya bendi, ukanda unaobana ngoma kwenye habu, inalia kama mbuzi siku ya Idd. Usikubali mtu akuwekee oili humo ili inyamaze. Itanyamaza kweli, na haitashika.

Ukaguzi wangu huchukua dakika kumi, na muuzaji hukasirika kuanzia ya tatu. "Bosi, hiyo mali ya kontena la juzi, unaikagua kama unanunua Prado?" Ndiyo. Nainua gurudumu la mbele na kulizungusha, nikitazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Nafasi ikipanuka na kubana, ringi imepinda. Kidogo, fundi ataivuta kwa spoku. Nyingi, ni ringi mpya. Nabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, nikisikia "tok tok" shingoni ujue gololi zimelegea au zimeisha. Nashika kranki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, si pedali yenyewe, naitikisa kushoto na kulia. Navuta cheni mbele ya gia kubwa: ikinyanyuka hadi naona nusu ya jino, imekwisha, na mara nyingi friwili, gia ya nyuma, imeondoka nayo. Mwisho nageuza baiskeli juu chini na kutazama tumbo la fremu, hasa pale mabomba yanapokutana. Rangi mpya mahali pamoja tu, na kwingine kote ya zamani, maana yake kuna alama ya welda chini yake.

Kuna kufuli la duara chini ya siti. "Ufunguo upo kwa bosi" maana yake hakuna ufunguo. Likatwe mbele yako, au lifungwe na kufunguliwa mbele yako.

Bei inapanda na kushuka kufuatana na makontena. Yangu ya sasa nililipa laki na themanini, ikala elfu thelathini nyingine kwa fundi kabla sijaiamini.

2. Phoenix

Hii ndiyo baiskeli ya jiji lenyewe. Nyeusi, ringi 28, breki za fimbo za chuma. Tazama kijana wa madafu pale Posta: keria imejaa hadi kifuani, panga limechomekwa pembeni, na baiskeli imesimama imetulia huku yeye anakata dafu kwa mapigo manne. Mnoa visu naye anaigeuza kiwanda kwa kukaa kwenye siti na kupiga pedali, jiwe linazunguka mbele yake. Wauza samaki wanaotoka Feri, wa mayai ya trei, wa mkaa, wote wapo juu ya umbo hilo hilo. Umbo ni la Kiingereza, la akina Raleigh wa Nottingham, na Phoenix ya Shanghai imelishikilia mpaka leo kwa sababu halina la kuongezwa. Kila kitu kinafunguka kwa spana mbili na nyundo. Hakuna fundi Dar asiyeijua.

Kama unabeba mzigo wa biashara, ruka namba moja yangu, anza hapa. Usitegemee keria ya kiwandani. Welda atakutengenezea ya nondo, mwambie aishushe miguu hadi kwenye ekseli. Chagua spoku nene gurudumu la nyuma, kwani huko ndiko mzigo unakokaa. Ukihitaji kubeba friji au mifuko ya saruji, hiyo si kazi ya baiskeli tena, kodi guta.

Kwa nini basi ni ya pili? Uzito. Asiyebeba kitu anasukuma chuma bure, na akiishi ghorofani atajuta kila jioni. Na breki za fimbo hubana kwenye ringi ya kung'aa, ambayo ikilowa inakuwa kama sabuni. Siku ya mvua anza kufunga breki mapema, na bodaboda aliye nyuma yako hajui kama huwezi kusimama ghafla, wala wewe hujui kama yeye anaweza.

3. Mtumba wa Ulaya

Hapa ndipo penye raha, na ndipo pesa hupotea. Zile ndefu za Uholanzi na Ujerumani zina fremu ya kumfaa mtu wa futi sita ambaye kwenye ya Japani magoti yanapiga usukani. Zina giya nyingi, zinakimbia, na Jumamosi zinakufikisha Pugu au Bagamoyo bila kulia. Tatizo ni tairi za 700C, ringi ya milimita 622. Mtaani huzikuti, ni mpaka uende mjini, kwa hiyo nunua tairi na tyubu mbili za akiba siku hiyo hiyo.

Kuna moja humu naipenda kuliko zote: mountain bike ya chuma ya miaka ya 1990, isiyo na shokapu hata moja. Tairi zake ni 559, zinapatikana kila kona, unaweza kuzivalisha nene kwa ajili ya mchanga au laini kwa ajili ya lami, na fremu ya chuma ikikatika welda yeyote anaiunga. Ya aluminiamu usimpelekee welda wa geti. Kama ningekutana na hizi mara nyingi, ndizo zingekuwa namba moja. Hukutana nazo mara moja kwa miezi kadhaa, zimefukiwa nyuma ya nyingine, zimechubuka rangi.

4. Foldi

Nzuri kwa anayeishi chumba kimoja au ghorofa isiyo na lifti, na konda mwenye moyo atakuruhusu kuiingiza kwenye daladala ikiwa imekunjwa. Tairi zake ndogo zinazama kwenye mchanga na zinasikia kila shimo. Tikisa kiungo cha kukunjia kwa nguvu. Kikicheza, iache.

5. Mountain bike mpya ya dukani

Inang'aa, ina shokapu mbele na nyingine katikati, diski, na stika ya giya 21. Mdogo wangu alinunua moja kwenye duka moja la mjini, tukamshangilia mtaa mzima. Wiki ya tatu pedali ya kushoto ikatoka na uzi wake, kwa hiyo kranki nayo ikawa ya kutupa. Diski ikaanza kukwaruza. Ile shokapu ya katikati ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo la mguu, akawa anachoka Buguruni kabla hajafika Ilala. Dukani wakamwambia waranti haihusu "vitu vya kuchakaa".

Sababu inaeleweka ukiitazama bei: shokapu mbili, diski mbili na giya zote hizo, kwa pesa hiyo, lazima kila kimoja kiwe cha hovyo. Kama ni lazima iwe mpya, chukua isiyo na shokapu ya katikati, yenye breki za raba, na giya chache. Itakuwa imepauka pembeni ya wenzake pale dukani, lakini mwakani utakuwa unaiendesha.

6. Ya mbio, na ya umeme

Ya mbio si baiskeli ya kwanza. Tairi nyembamba, presha kubwa, shimo moja la Mandela Road na umekaa chini. Lakini ukishaambukizwa, ukaanza kuamka alfajiri na wale wanaozunguka kabla magari hayajaamka, au ukaanza kuota msafara wa Twende Butiama unaotoka Dar hadi nyumbani kwa Mwalimu, utaitaka tu. Jiunge na kundi kwanza, kuna mtu humo anauza yake. Ya umeme: ulizia betri mpya inauzwa wapi hapa mjini na kwa bei gani. Asiyeweza kukujibu asikuuzie.

Ya mtoto

Usikimbilie. Mtaani bado kuna mwenye baiskeli tatu nne anazokodisha kwa dakika, na watoto wanapanga foleni sikukuu wakiwa na hela za Idd mkononi. Mtoto ajifunzie huko, aanguke huko. Akishajua, mnunulie iliyotumika, maana mwakani imemfupia.

Siku ya kununua

Ijaribu kwa siti: ukikaa, kisigino kwenye pedali ya chini kabisa, mguu unyooke. Usiponyooka hata siti ikipandishwa hadi alama ya mwisho, fremu ni fupi kwako, na muuzaji atakwambia utaizoea.

Chukua risiti yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya kranki au chini ya siti, na uipige picha. Baiskeli inayouzwa bei ya kutupa na kijana mwenye haraka ina mwenyewe, na mwenyewe anaitafuta.

Bakisha hela ya kufuli nene, taa nyekundu ya nyuma na helmeti. Njia ya baiskeli kando ya mwendokasi, Morogoro Road, ipo kutoka Kimara hadi mjini, lakini jioni utaigawana na bodaboda, wauza machungwa na magari yaliyopaki, na gizani hawakuoni.

Kisha usiende nayo nyumbani. Ipeleke kwa yule fundi wa mwarobaini, aifungue habu zote mbili, shingo na kranki, aoshe gololi kwa mafuta ya taa, apake grisi mpya, maana chumvi ya hewa ya huku haisubiri. Kaa hapo hapo utazame. Atakuonyesha gololi moja iliyovunjika kiganjani mwake, ataziweka mpya, na utaondoka ukiwa unajua ndani ya baiskeli yako kuna nini.