Mizani inayosoma ratili na wakia za mama

Napika halua Wete, Pemba, kwa kipimo alichoniachia mama: sukari ratili tatu, wanga ratili moja, samli nusu ratili, iliki nusu wakia. Mizani yake ilikuwa ya mawe, na mawe yalishapotea. Miaka miwili nimehesabu ratili moja kuwa nusu kilo, kama tusemavyo wengi, na halua ikinitoka nzito, inakatika badala ya kuvutika. Wateja hawakulalamika, lakini roho yangu haikutulia.

Shaabani iliyopita nilinunua mizani ya digitali Darajani, shilingi 30,000, inabeba hadi kilo tano. Nyuma ina kitufe cha kubadili kipimo. Nikamimina sukari mpaka kioo kikasoma ratili tatu, kisha nikageuza kwenda gramu: 1,361. Mimi siku zote nilitia 1,500! Ratili ni gramu 454 hivi, si 500. Kila ratili nilikuwa nazidisha gramu 46 za sukari na za wanga, huku maji nikiteka kwa kopo lile lile la mama. Maji hayakuongezeka, ndiyo maana ikakaza. Sufuria ya kwanza niliyopima sawasawa, halua iliteleza kwenye mwiko na samli ikajitenga pembeni, kama zamani. Nililia, kusema kweli.

Tahadhari moja kubwa. Kioo huandika ratili na wakia kwa nukta mbili katikati, na wakia 16 ndizo ratili moja. Nilimwambia mdogo wangu atie sukari ratili moja na nusu, akasimama kiliposoma 1:5. Hiyo ni ratili moja na wakia tano, gramu 595. Nilitaka 680, yaani 1:8. Tulilazimika kuanza upya.

Kipimo cha mililita msikitumie kwa samli. Mizani huchukulia kila kitu kuwa ni maji, na samli ni nyepesi kuliko maji.

Betri zimedumu, sahani inafutika vizuri. Ila inahesabu gramu moja moja, kwa hiyo zafarani haiioni kabisa. Hiyo bado nampelekea sonara wa jirani. Yeye hupima dhahabu kwa tola, gramu 11.66, na mizani yake hushtuka hata kwa nyuzi chache.